Unyayo Unaposahau Ardhi



Mama yangu ana sukari kwa miaka mingi. Alfajiri moja aliniambia, "Mwanangu, nikisimama kwenye sinki nikafumba macho kukosha uso, naona kama naanguka." Nikadhani ni uzee tu. Alipoongeza kuwa sakafu anaisikia kama sufi, nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe wagonjwa wa Berlin walilalamika hivyo hivyo karibu miaka 180 nyuma.

Miaka ya 1840, daktari wa Kijerumani Moritz Romberg aliandika kitabu juu ya maradhi ya mishipa ya fahamu. Alieleza wagonjwa ambao miguu yao ilikuwa na nguvu lakini nyayo zimekufa ganzi. Wakitembea, walitazama miguu yao muda wote, na gizani hawakuweza kwenda. Akawaambia wasimame na wafumbe macho. Papo hapo wakaanza kuyumba. Baadaye ilijulikana kuwa chanzo kilikuwa kaswende ya siku nyingi iliyoharibu uti wa mgongo. Lakini kipimo chake kimebaki, na madaktari wanakitumia hadi leo kwa jina lake.

Somo lake ni hili: mwili hujishikilia kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa habari zinazotoka miguuni. Ngozi ya unyayo ina ncha nyingi za mishipa ya fahamu zinazopeleka habari kwenye ubongo: uzito uko kisiginoni au vidoleni, sakafu ni tambarare au imeinama. Sisi mafundi tunalijua hili bila kusoma. Unakanyaga pedeli ya cherehani huku macho yako yako kwenye sindano, na mguu wenyewe unajua ukaze au ulegeze. Habari za unyayo zikikatika, kazi yote inabaki kwa macho. Ukiyafumba, huna pa kushika.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtafiti Max von Frey alipima hisia za ngozi kwa nywele za watu na za farasi alizozifunga kwenye vijiti. Baadaye Wamarekani Josephine Semmes na Sidney Weinstein wakatumia nyuzi za nailoni badala ya nywele. Ndio asili ya ule uzi unaotumika kliniki za sukari: unabonyezwa kwenye unyayo mpaka unapinda, kwa nguvu ya gramu 10, nawe umefumba macho. Asiyeusikia yumo hatarini kupata kidonda bila kujua.

Je, unyayo uliolala unaweza kuamshwa? Mwaka 2003, James Collins na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha majaribio ya soli zinazotetema kidogo mno, kiasi kwamba anayezikanyaga hajui kama zinatetema. Mtetemo ule ulisaidia habari dhaifu za unyayo zifike. Kuyumba kulipungua kwa vijana na wazee wote, na wazee ndio waliofaidika zaidi. Mwaka 2006 wakaona nafuu ya kusimama kwa wenye ganzi ya sukari na waliopata kiharusi. Mwaka 2009 wazee waliokuwa wakianguka mara kwa mara walijaribiwa wakitembea, na hatua zao zikalingana vizuri zaidi. Lakini soli hizo hazirudishi mishipa iliyokufa, basi tusikimbilie kila kiatu kinachotangazwa kuwa ni dawa.

Kwetu nyumbani tumefanya tunayoyaweza. Mama amepimwa kwa ule uzi. Taa ya ukumbini haizimwi usiku, ili macho yamsaidie anapoamka kusali. Kandambili ameacha, anavaa viatu vinavyoshika kisigino. Anakosha uso akiwa amekaa kwenye kibao. Maji ya moto nayajaribu mimi kwa mkono kabla hajatia mguu. Na anapotawadha, akipitisha vidole baina ya vidole vya miguu kama Sunna ilivyotufunza, nami natazama kama pana mchubuko.

Dada yangu, leo muulize mama au bibi yako: "Sakafu unaisikia?" Akisita, mpeleke kliniki.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na awathibitishe hatua zao. Amin.