Barradas na Ndoto ya Kuirudisha Meksiko, 1829

Meksiko ilijitoa mikononi mwa Hispania mwaka 1821, lakini Mfalme Ferdinand VII hakuitambua talaka hiyo. Askari wake waling'ang'ania ngome ya San Juan de Ulúa, kisiwani mbele ya bandari ya Veracruz, hadi Novemba 1825. Walipoondolewa hapo, tegemeo lililobaki lilikuwa Kuba, koloni lake ng'ambo ya Ghuba ya Meksiko.

Jamhuri mpya ilipitisha sheria za kuwafukuza Wahispania mwaka 1827 na tena 1829. Baadhi yao walihamia Havana, na habari walizozipeleka ndizo mfalme alizotaka kuzisikia: wananchi wamechoka na jamhuri, wakiiona bendera ya Hispania watamiminika kuipokea. Mpango mzima ulijengwa juu ya maneno hayo. Bila hayo, ni vigumu kueleza kwa nini Brigedia Isidro Barradas alipewa askari zaidi kidogo ya 3,000 kwenda kutwaa nchi yenye mamilioni ya watu.

Meli ziling'oa nanga Havana tarehe 5 Julai 1829, zikiongozwa na Admirali Ángel Laborde. Dhoruba ilizitawanya, na moja iliyobeba mamia ya askari ikaishia New Orleans. Waliobaki walishuka Cabo Rojo mwishoni mwa Julai, kisha wakatembea kwa siku kadhaa kuelekea Tampico, kwenye mchanga wa moto, maji yakiwa adimu na mbu tele. Hakuna aliyejitokeza kuwapokea. Tampico yenyewe waliiteka bila shida kubwa, kwa kuwa wakazi walikuwa wamekwisha kuuhama mji.

Laborde, ambaye hakuelewana na Barradas, alirudi Kuba na meli zake. Jeshi likabaki ufukweni bila njia ya kurudi, tena katika majira mabaya kuliko yote pwani ile. Homa ya manjano iliwamaliza watu kuliko risasi. Majenerali Antonio López de Santa Anna na Manuel de Mier y Terán waliwabana pande zote. Tarehe 9 Septemba kimbunga kikapiga na mafuriko yakafuata. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Wameksiko wakaishambulia ngome ya mdomo wa mto Pánuco. Mashambulizi hayo yaligharimu damu nyingi, na huenda hayakuhitajika, maana adui alikwisha kuomba mapatano. Siku hiyo hiyo Barradas alisalimu amri. Manusura walirudishwa Havana bila silaha. Yeye hakuthubutu kurudi Hispania.

Uvamizi huo uliwanufaisha wale wale uliokuja kuwaangusha. Kwa sababu ya vita, Bunge lilimpa Rais Vicente Guerrero, mtu mwenye asili ya Kiafrika, mamlaka ya dharura. Kwa mamlaka hayo alitangaza kukomeshwa kwa utumwa tarehe 15 Septemba 1829. Hata hivyo alipinduliwa kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 1831 akauawa kwa kupigwa risasi. Santa Anna alitoka Tampico akiwa shujaa wa taifa, na mwaka 1833 akashika urais kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo Ferdinand alifariki, na tarehe 28 Desemba 1836 Hispania ikatia saini mkataba wa kuutambua uhuru wa Meksiko.