Kanisa Lililogeuka Duka la Vitabu

Jina la Maastricht, mji wa kusini mwa Uholanzi, huenda umelikuta katika somo la historia. Huko ndiko ulikotiwa saini, tarehe 7 Februari 1992, mkataba ulioanzisha Umoja wa Ulaya. Lipo somo jingine la uraia katika mji huohuo, nalo limo ndani ya duka la vitabu.

Ukiingia Boekhandel Dominicanen, utainua macho kabla hujagusa kitabu. Nguzo za mawe hupanda hadi kwenye dari ya matao, kwa maana hili lilikuwa kanisa la watawa Wadominiko, lililotabarukiwa mwaka 1294. Wafaransa walipouteka mji mwaka 1794, zama za watawa hao zilifikia ukingoni. Tangu hapo jengo lilitumiwa kwa kila haja iliyozuka: likawa ghala, likahifadhi nyaraka, likaegeshewa hata baiskeli.

Mwaka 2006 vitabu vikahamia humo. Wasanifu hawakubomoa kuta wala kuzipigilia rafu. Walisimamisha kabati kubwa la chuma cheusi, lenye ghorofa na ngazi, linalojitegemea lenyewe. Ukilipanda, utaikaribia michoro ya kale ambayo waumini wa zamani waliitazama kwa mbali. Palipokuwa madhabahu sasa pana mkahawa, na meza yake ndefu ina umbo la msalaba.

Hata hivyo, uzuri haukulinusuru duka. Mwaka 2014 kampuni iliyolimiliki ilifilisika. Wafanyakazi hawakukubali kufunga virago. Waliwaomba wananchi michango, nao wakachanga. Sisi tungeiita harambee. Duka likaendelea, safari hii likiwa huru, lisilo tawi la kampuni yoyote.

Zingatia basi, msomaji, kwamba sheria ya kuhifadhi majengo ya kale huweza kuzuia nyundo ya mbomoaji, lakini haiwezi kulipa kodi ya pango wala mishahara. Kazi hiyo hufanywa na watu wanaoingia, wanaonunua, na wanaochanga siku ya dhiki. Jengo lisilo na shughuli hufa polepole, hata likiwa na kibao cha serikali mlangoni.

Je, katika mji wako lipo jengo la kale lililofungwa kwa kufuli? Uliza ni la nani, na lingeweza kuwafaa watu kwa jambo gani.