Stika ya mraba kwenye kioo cha mbele

Ukipanda Noah au Corolla ya mtumba hapa Dar es Salaam na ukabahatika kukaa siti ya mbele, angalia sehemu ya juu ya kioo cha mbele. Mara nyingi utakuta stika ndogo ya mraba yenye tarakimu ambayo hakuna aliyejisumbua kuibandua. Tarakimu moja ni mwezi, nyingine ni mwaka, ila ni mwaka wa kalenda ya Kijapani. Ikiandikwa 25, ni mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei, yaani 2013. Huo ndio muda ambao kibali cha gari lile kutembea barabarani Japani kingekwisha kama lisingekaguliwa upya.

Ukaguzi huo unaitwa shaken, na msingi wake ni sheria ya magari ya mwaka 1951, enzi ambayo gari binafsi lilikuwa la wachache. Mwaka 1973 hata vigari vyenye injini ndogo kabisa viliingizwa humo. Gari hupitishwa kwenye mstari wa vipimo: mwelekeo wa magurudumu ya mbele, breki, usahihi wa spidi mita, taa, moshi wa ekzosi. Kisha mkaguzi anachungulia chini ya gari kama kuna kilicholegea au kinachovuja.

Ada yenyewe ya ukaguzi ni ndogo. Kinachouma ni vinavyoambatana nayo: kodi ya uzito wa gari iliyoanzishwa 1971, bima ya lazima na bili ya gereji, vyote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana tangazo la kuuza gari kule hutaja shaken imebaki muda gani, kama sisi tunavyotaja "namba D".

Sasa, hadi mwaka 1995 gari binafsi lililovuka miaka 10 lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka, wakati la umri mdogo lilikaguliwa kila baada ya miaka 2. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye gari la miaka 9. Injini nzima, bodi safi, lakini mbele yako kuna gharama kila mwaka kwa kitu ambacho sokoni kimeshashuka bei. Wengi waliona heri kununua jipya.

Kwa hiyo ile kauli ya vijiweni kwamba Wajapani wanatutupia magari yaliyofeli, mimi nadhani inakosea. Mengi hayakufeli chochote. Wenyewe hawakuyapeleka kabisa kupimwa. Kilichoshindwa ni hesabu ya mfukoni.

Upande wetu mlango ulikuwa unafunguka. Miaka ya 1990 nchi zetu zililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na magari ya Japani yana usukani kulia, kama utaratibu tuliorithi kwa Waingereza. Meli zikaanza kushusha Mombasa na Dar es Salaam. Lakini tusiibebeshe shaken mzigo wote. Sharti la kila mwaka lilifutwa 1995, na magari hayakuacha kuja. Bado kuna kodi ya uzito inayopanda gari likifikisha miaka 13 na tena 18, na kuna watu wenye kipato wanaopenda vitu vipya.

Kinachonishangaza ni jinsi sisi tulivyolipokea jambo hili. Japani haikatazi gari kwa sababu ya umri: la miaka 30 likipita vipimo, linatembea. Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 kwa gari la kuagizwa. Tanzania inaruhusu la zamani, ila inalitoza ushuru wa ziada. Kote kuwili tunahesabu miaka kwanza. Ni kweli magari haya hukaguliwa ubora wakati wa kuingizwa nchini, lakini breki zitakuwaje baada ya miaka 6 ya matuta na mashimo? Kwa gari la familia, naogopa, mstari ule wa vipimo mara nyingi haurudi tena maishani mwake.

Juzi nilimuuliza dereva wa teksi kama anajua stika yake ni ya nini. Alisema ni ya kiwandani, na haibandui kwa sababu abiria wakiiona wanadhani gari limeshuka melini wiki iliyopita. Ilikuwa imeandikwa 21.