Le Mans: breki zilizoleta ushindi na kilio

Mpaka mwaka 1952, madereva wa Le Mans, kule Ufaransa, waliogopa joto kuliko kitu kingine. Barabara ya Mulsanne ilinyooka karibu kilometa 6, kisha ikakata ghafla kuume. Magari yalifika pale yakikimbia zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Breki zilikuwa za ngoma, na joto lilibaki limefungiwa ndani ya gurudumu. Mashofere wanaoteremka Ngomo na mzigo, kutoka Bukavu kwenda Uvira, wanajua harufu yake: unakanyaga, gari halisikii. Kwa hiyo dereva mwenye akili alipunguza mwendo mapema, akashusha gia moja moja ili moteri isaidie.

Mwaka 1953 kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilileta breki za diski ilizotengeneza pamoja na Dunlop. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa kilometa 170 kwa saa, na Jaguar nyingine zikashika nafasi ya pili na ya nne. Ferrari zilikuwa na nguvu, lakini dereva wa Jaguar aliweza kungoja zaidi mbele ya kona, kisha akanyage kwa nguvu gari likiwa bado limenyooka, na kuachia polepole akianza kukata usukani. Mpaka leo wanaojifunza mashindano wanafundishwa hivyo.

Lakini breki kali ni hatari kwa anayefuata nyuma. Tarehe 11 Juni 1955, Mike Hawthorn, akiwa na Jaguar, alimpita Lance Macklin, kisha akafunga breki ili aingie kuweka mafuta. Macklin akakwepa kushoto. Nyuma yake Pierre Levegh alikuwa anakuja na Mercedes. Akamgonga, gari likaruka na kuangukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa, Levegh naye akafa.

Mashindano hayakusimamishwa, jambo ambalo hata leo ni gumu kulielewa. Mercedes waliondoa magari yao usiku, wakati wanaongoza. Hawthorn na Ivor Bueb walishinda. Uchunguzi haukumhukumu dereva yeyote. Barabara ndiyo ilionekana kuwa nyembamba kwa mwendo ule. Uswisi ikapiga marufuku mashindano ya namna hiyo, na Le Mans wakabomoa majukwaa na kupanua barabara kabla ya mashindano ya 1956.