Matungulu si vitunguu

Wiki yetu ya kwanza Uganda, mama alinituma sokoni. Nikasikia mtu anauza matungulu, nikamfuata mbio. Kwetu Kongo, kwa Kilingala, matungulu ni vitunguu. Kumbe hapa ni matunda mekundu ya porini, yenye uchachu na mbegu nyeusi! Mama alicheka, lakini siku ile mboga tulikula bila kitunguu.

Baadaye nikajua kwamba tunda lile ni ndugu wa tangawizi, ukoo mmoja na iliki na manjano. Lenyewe ni mzaliwa wa Afrika. Lina jamaa yake huko Afrika Magharibi, mbegu zake kali kama pilipili. Ndizo Wazungu walizifuata mpaka pwani ya Liberia, wakaiita Pwani ya Pilipili.

Tangawizi yenyewe ni mgeni toka Asia. Na jamani, porini haipatikani. Mbegu karibu haitoi kabisa, unapanda kipande chake. Maana yake popote ilipo, kuna mtu aliibeba: mabaharia, wachuuzi wa Bahari ya Hindi, Waarabu walioiita zanjabili. Jina la kisayansi, Zingiber officinale, lilichapishwa mwaka 1807 na William Roscoe wa Liverpool. Mwaka huohuo, akiwa mbunge wa mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa, alipiga kura biashara hiyo ipigwe marufuku. Wengi mjini walimchukia.

Mama ameshapanda kipande nyuma ya nyumba. Tunangoja kichipue.