Gawio si riba

Jirani yangu, fundi cherehani, alinunua hisa za benki moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Miezi michache baadaye akanisimamisha njiani: "Mwalimu, riba ya hisa zangu inaingia lini?" Nikamwambia hisa haina riba, ina gawio. Akadhani nimebadilisha neno tu.

Riba huzaliwa na deni. Aliyenunua hatifungani ya serikali amekopesha; kiwango chake kimeandikwa tangu mwanzo, na anastahili kulipwa mwaka uwe wa neema au wa ukame. Mwenye hisa hakumkopesha mtu. Ameingia ubia, na mbia hula kinachobaki baada ya wafanyakazi, wakopeshaji na mtoza kodi kuchukua chao. Hata kikibaki, bodi yaweza kupendekeza kitumike kufungua matawi, na mwenye hisa asipate kitu mwaka huo.

Ndiyo maana nalipenda neno gawio. Mzizi wake ni -gawa, kitenzi tunachokitumia kwa chakula cha sinia na kwa mali ya marehemu: sharti kiwepo kwanza ndipo kigawiwe. Hisa nayo, iliyotujia kutoka Kiarabu, maana yake ni fungu. Nchini Kenya utasikia pia mgao wa faida. Si kosa, ila kwa mkazi wa Dar es Salaam mgao ni umeme kukatwa kwa zamu. Atasikia upungufu pale anapotangaziwa faida.

Bodi hupendekeza gawio, mkutano mkuu wa mwaka huidhinisha, na hutangazwa siku ya kufunga daftari la wanahisa. Jina lisilokuwamo siku hiyo halipati. Tuseme gawio ni shilingi 50 kwa hisa na fundi ana hisa 1,000: ni shilingi 50,000. Kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni Tanzania, kodi ya zuio ni asilimia 5, yaani 2,500. Mkononi zinamfikia 47,500. Asishangae bei ya hisa ikishuka kidogo baada ya daftari kufungwa, kwa sababu anayenunua sasa hanunui tena na gawio la mwaka huo.

Kinachonisumbua zaidi ni matumizi ya neno hili katika habari. Juni 2024, mashirika na taasisi za umma zilipokabidhi fedha kwa Rais Samia Suluhu Hassan, hafla yote ilibeba jina la gawio. Kumbe fedha hizo zilikuwa za aina mbili. Kampuni ambazo serikali ina hisa ndani yake hutoa gawio, kutokana na faida. Taasisi zisizo za kibiashara hutoa mchango wa asilimia 15 ya mapato ghafi, na ghafi ni kabla ya kutoa matumizi. Mchango huo waweza kulipwa hata mwaka ambao matumizi yamemeza mapato yote. Wahasibu wa serikali huandika "gawio na michango". Mhariri akilikata neno la pili ili kichwa cha habari kienee kwenye safu, msomaji anaambiwa faida imepatikana mahali ambapo huenda haikuwapo kabisa.