Faibroidi: Je, mwanamke mwenye uvimbe katika nyumba ya uzazi aweza kubeba mimba na kuifikisha?

Mwanamke anayetafuta mtoto anapoambiwa na tabibu kwamba nyumba yake ya uzazi ina uvimbe, haulizi jina la uvimbe huo wala ukubwa wake. Huuliza iwapo atazaa.

Kwa walio wengi, jibu ni ndiyo. Hata hivyo, jibu hilo hutegemea mahali uvimbe ulipoota, umri wa mwanamke mwenyewe na, jambo ambalo husahaulika mara kwa mara, afya ya mumewe.

Faibroidi ni uvimbe unaotokana na misuli ya nyumba ya uzazi. Si saratani, na ni nadra mno kugeuka kuwa saratani. Yaweza kuwa ndogo kama punje ya mtama au ikakua hadi tumbo likafanana na la mja mzito wa miezi sita. Mwanamke mmoja aweza kuwa na moja tu, na mwingine akawa nazo makumi.

Uvimbe huu hulishwa na homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni. Ndiyo sababu hauonekani kabla ya msichana kuvunja ungo, na aghalabu hunywea baada ya hedhi kukoma. Kwa maneno mengine, miaka ambayo mwanamke aweza kuzaa ndiyo hiyo hiyo ambayo faibroidi hustawi.

Ni maradhi ya wengi. Utafiti uliofanywa katika eneo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa wamepata faibroidi, ikilinganishwa na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe. Wengi wao hawakuwa wakijua, kwa kuwa hawakuwa na dalili. Lakini wanawake weusi huzipata wakiwa na umri mdogo zaidi, zikiwa nyingi na kubwa.

Hapa nchini suala hili lilizungumzwa kwa sauti Julai 2025, pale mwigizaji Lupita Nyong'o alipofichua kwamba mwaka wa 2014, mwaka ule ule aliotuzwa Oscar, aligunduliwa kuwa na faibroidi 30. Alipasuliwa zikaondolewa. Zikaota tena. Kwa wanawake waliokuwa wakificha hali hii hata kwa dada zao, taarifa hiyo ilikuwa na uzito kuliko mabango mengi ya hospitalini.

Mahali kuliko ukubwa

Matabibu huzigawa faibroidi kwa kuangalia zilipo. Kuna zinazoota upande wa nje wa nyumba ya uzazi, zikaning'inia kuelekea tumboni. Hizi zaweza kuwa kubwa na kubana kibofu au utumbo, lakini kwa kawaida hazizuii mimba kutunga.

Kuna zinazoota upande wa ndani, chini ya utando ambao yai lililorutubishwa hujipandikiza. Hizi, hata zikiwa ndogo kama zabibu, ndizo adui mkubwa wa mimba. Hupinda chumba cha nyumba ya uzazi, huvuruga utando huo na kuleta hedhi nzito yenye mabonge. Ushahidi wa kitaalamu unaelekeza kwamba zikiondolewa, uwezekano wa kushika mimba huongezeka.

Baina ya hizo mbili kuna zilizojificha katikati ya ukuta wa misuli. Hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana. Ikiwa uvimbe wa aina hii umesukuma chumba cha ndani au umeziba mahali mrija unapoingilia, hoja ya kuuondoa ina nguvu. Ikiwa chumba kiko sawa, haijathibitika kwamba upasuaji humsaidia mwanamke kupata mtoto. Mwongozo uliotolewa na chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani mwaka wa 2017 ulikiri upungufu huo wa ushahidi.

Kwa hivyo, mgonjwa anayerudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa tu kwamba ana uvimbe wa sentimita nne hajaambiwa jambo muhimu zaidi. Anafaa kuuliza: uko upande gani, na umegusa chumba cha ndani?

Altrasaundi ya kawaida ya tumboni hutosha kuonyesha kwamba uvimbe upo. Kujua ulipo hasa huhitaji altrasaundi inayopigwa kupitia ukeni, au ile ambayo maji ya chumvi hutiwa katika nyumba ya uzazi ili chumba kionekane vyema. Wakati mwingine tabibu huingiza kamera nyembamba kupitia mlango wa uzazi. Picha ya MRI huwa na faida kubwa pale faibroidi zinapokuwa nyingi, ingawa gharama yake huwakwaza wengi.

Kabla ya kuulaumu uvimbe

Ni rahisi mno kwa mwanamke mwenye faibroidi kuhukumiwa kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukosa mtoto. Wataalamu hukadiria kwamba faibroidi peke yake ndiyo kiini cha utasa katika asilimia mbili au tatu tu ya wanaotatizika kuzaa.

Katika nchi zilizo kusini mwa Sahara, mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ya zamani ndiyo mojawapo ya sababu kuu. Mwanamke aweza kupasuliwa, akauguza kidonda kwa wiki kadhaa, kisha agundue mwaka mmoja baadaye kwamba mirija yote miwili ilikuwa imeziba tangu mwanzo. Eksirei ya mirija, ambayo hufanywa kwa kutia dawa ya rangi katika nyumba ya uzazi, ingemwepushia hasara hiyo.

Kisha kuna mume. Upungufu wa upande wa mwanamume huchangia takriban nusu ya visa vya ndoa zinazochelewa kupata watoto. Hata hivyo, wapo wanaume wengi wanaokubali mke apasuliwe ilhali wao wenyewe hawajapeleka mbegu zao kupimwa, kipimo kisichohitaji kisu wala sindano. Tabibu anayepanga upasuaji kwa ajili ya uzazi bila kuagiza kipimo hicho amefanya kazi nusu.

Kukata au kusubiri

Katika karne iliyopita, wapasuaji wengi waliona tiba ya faibroidi kuwa kuondoa nyumba ya uzazi nzima. Victor Bonney, mpasuaji wa London, alikuwa miongoni mwa waliopinga jambo hilo kwa nguvu. Alishikilia kwamba kumnyima mwanamke kijana uzazi kwa sababu ya uvimbe usio saratani ni hasara isiyo ya lazima, na akabuni koleo la kubana mishipa ya damu ili uvimbe utolewe bila damu nyingi kumwagika. Upasuaji huo wa kutoa uvimbe na kuacha nyumba ya uzazi ndio unaowafaa wanaotaka mtoto hadi leo.

Faibroidi za upande wa ndani zaweza kunyofolewa kupitia mlango wa uzazi bila tumbo kuchanwa, na mgonjwa kurejea nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake. Zilizo ndani ya misuli huhitaji tumbo kufunguliwa, au kutobolewa matundu madogo ya kupitishia kamera na vifaa. Aina hii ya pili yahitaji mpasuaji mwenye ujuzi maalumu, kwani kushona ukuta wa nyumba ya uzazi kupitia tundu si kazi ya mkono usiozoea.

Hatari kubwa ni damu. Mgonjwa ambaye hedhi imemwacha na upungufu wa damu hafai kuingia chumba cha upasuaji kabla ya kiwango chake kuinuliwa kwa vidonge vya madini ya chuma au njia nyingine, na damu ya akiba kutengwa. Mara chache, damu isipozuilika, mpasuaji hulazimika kuondoa nyumba ya uzazi ili kuokoa maisha. Fomu ambayo mgonjwa hutia sahihi huwa na kifungu kinachoruhusu hilo. Aghalabu hutiwa sahihi asubuhi ya upasuaji, mgonjwa akiwa amelala njaa na akitetemeka, jambo ambalo si haki. Kifungu hicho kinafaa kuelezwa siku kadhaa mapema, mume au mzazi akiwepo ikiwa mgonjwa anataka, ili aelewe anachokubali.

Isitoshe, makovu ya ndani yaweza kunata kwenye mirija na kuleta tatizo jipya. Baada ya upasuaji wa tumbo, mwanamke huagizwa asubiri kati ya miezi mitatu na sita, wakati mwingine hadi mwaka, kabla ya kutafuta mimba, ili kidonda kipone.

Hapo ndipo hesabu ya umri inapoingia. Msichana wa miaka 27 mwenye uvimbe mkubwa aweza kuumudu mwaka huo. Kwa mwanamke wa miaka 39, ambaye mayai yake yanapungua kwa idadi na ubora kila mwezi, mwaka mmoja ni mwingi. Ikiwa uvimbe wake haujagusa chumba cha ndani, yamkini atanufaika zaidi kwa kutafuta mimba mara moja kuliko kwa kuanza na kisu. Lakini kusubiri nako kuna bei yake, kwani faibroidi huendelea kukua. Hakuna jibu moja linalowafaa wote wawili, na tabibu anayempa kila mgonjwa jibu lile lile anafaa kutiliwa shaka.

Dawa zipo, ila nyingi hazimsaidii anayetafuta mtoto. Sindano zinazonywesha uvimbe huzima homoni, na kwa hivyo huzuia mimba kwa muda wote zinapotumika. Zikiachwa, uvimbe hurejea. Njia ya kuziba mishipa inayoulisha uvimbe pia kwa kawaida haipendekezwi kwa anayetaka kuzaa.

Kuhusu mitishamba inayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha faibroidi, hakuna iliyothibitishwa kufanya hivyo. Sindano ya kupanga uzazi, ambayo wengi huilaumu, imehusishwa na uwezekano mdogo wa kupata uvimbe huu, si mkubwa. Dawa za kulainisha nywele zilihusishwa na faibroidi katika utafiti wa mwaka wa 2012 miongoni mwa wanawake weusi wa Marekani, ingawa haijathibitishwa kwamba ndizo zinazosababisha.

Mimba inapotunga

Kufikia mja mzito mmoja kati ya kumi huwa na faibroidi, na wengi hujifungua bila tatizo. Faibroidi nyingi hazibadiliki sana wakati wa ujauzito. Zinazokua hufanya hivyo hasa katika miezi mitatu ya kwanza.

Hofu kuu ya mama ni mimba kuharibika. Kwa miaka mingi vitabu vilisema faibroidi huongeza hatari hiyo. Utafiti wa Marekani uliohusisha zaidi ya wanawake 5,500 na kuchapishwa mwaka wa 2017 haukuona ongezeko hilo pindi umri na mambo mengine yalipozingatiwa. Hata hivyo, uvimbe wa upande wa ndani bado hutazamwa kwa tahadhari.

Tatizo linalowapeleka wengi hospitalini ni maumivu makali, aghalabu kati ya mwezi wa nne na wa sita. Uvimbe huwa umekua kupita damu inayoufikia, na sehemu yake hufa. Mama huumwa mahali pamoja, pengine na homa kidogo na kutapika. Inatisha, lakini mara nyingi mtoto huwa salama, na maumivu hutulia baada ya siku kadhaa za mapumziko, maji na parasitamoli. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, hazifai kununuliwa kiholela: mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka wa 2020 kwamba zikitumiwa kuanzia wiki ya 20 zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka.

Maumivu yanayoandamana na damu ukeni, tumbo kukaza kama jiwe au mtoto kuacha kucheza si ya kuvumiliwa nyumbani hata kwa saa moja.

Faibroidi kubwa zaweza pia kumfanya mtoto akae vibaya, matako yakitangulia, au kondo la nyuma kujishikiza chini na kuziba njia. Uwezekano wa kuzaa kabla ya wakati huongezeka kiasi, na wa kujifungua kwa upasuaji huongezeka zaidi. Aliyewahi kupasuliwa kwa kina kuondoa uvimbe kwa kawaida hupangiwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza, karibu na wiki ya 37 au 38, kwa kuhofia kovu kupasuka. Ni hatari ndogo, chini ya asilimia moja, ila ikitokea huua upesi. Kwa hivyo mama asiache kumwambia mkunga historia hiyo, hata akihamia kliniki nyingine, na ni heri awe na nakala ya ripoti ya upasuaji.

Baada ya mtoto kutoka, nyumba ya uzazi yenye faibroidi yaweza kushindwa kujikaza ipasavyo, na damu ikavuja kwa wingi. Hii ndiyo sababu mama wa aina hii hashauriwi kujifungulia nyumbani wala katika zahanati isiyo na damu ya akiba na chumba cha upasuaji. Akiwa mbali na hospitali ya rufaa, afadhali ahamie karibu wiki chache kabla ya siku zake kutimia.

Jamaa wengi huomba uvimbe utolewe papo hapo mtoto anapotolewa kwa upasuaji, ili kuepuka gharama ya mara ya pili. Wapasuaji kwa desturi hukataa kwa sababu ya damu, japo tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa makini waweza kufanyiwa hivyo. Wengi hawahitaji haraka hiyo: faibroidi mara nyingi hunywea katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, na altrasaundi ya miezi mitatu hadi sita baadaye ndiyo huonyesha zilizobaki.